Mtani Aliniambia Ukweli, Nikamcheka

Nina miaka sitini na nane. Nimezaliwa milimani kwa Wakaguru, nikaolewa Mikumi, nikazika mume Mikumi, na nilikuwa nimeshapanga na mimi nizikwe hapo hapo. Shule nimeishia darasa la tatu, lakini hakuna aliyewahi kunipunja chenji akaondoka salama.

Wenzangu, haya ninayoyaandika yananichoma. Sikuibiwa. Sikukutana na tapeli njiani. Na mpaka leo hii sidaiwi na mtu yeyote, hata senti! Hilo ndilo linalonikosesha raha. Mtu anayedaiwa akipoteza mali tunasema amejitakia. Mimi nimepoteza nikiwa nimelipa kila kitu... Mmeshawahi kusikia jambo la namna hiyo?

Nilikuwa na banda la chakula kando ya barabara kuu hapa Mikumi, pale malori yanayotoka Iringa yanapopumzika kabla ya kuingia mbugani. Wali, maharage, mchuzi wa nyama, na kuku wa kienyeji kwa mwenye hela yake. Madereva wa Zambia hawajui hata jina la mkuu wa wilaya, lakini Bibi Damari wanamjua. Nasema hivyo kwa majivuno na sitaomba radhi.

Banda hilo alilianzisha binti yangu Yunisi. Jiko la udongo alilifinyanga kwa mikono yake, lenye mafiga ya sufuria tatu kwa mpigo. Alipougua na kuona hatapona, aliniita karibu akaniambia neno moja tu: "Mama, usiwatawanye wanangu."

Aliniachia watoto watatu. Mkubwa Tabitha, wa katikati Eliya, na Naomi ambaye alikuwa bado ananyonya. Nikawalea pale pale bandani. Walikula hapo, walisoma hapo, walilala usingizi wa mchana juu ya magunia ya mchele. Sikuwatawanya. Mpaka mwaka jana sikuwa nimewatawanya.

Kiwanja hakikuwa chetu. Kilikuwa cha Bi Zuhura, mjane mwenzangu, mwanamke mstaarabu ambaye nikichelewesha kodi alikuwa anakuja kula tu, haniulizi. Siku moja akaja, akakaa, hakugusa chakula. Akaniambia miguu imechoka, watoto wake wanamtaka Tanga, kiwanja anauza. Yuko tajiri mmoja anakitaka ajenge nyumba ya wageni. "Lakini wewe kwanza, Damari," akasema. "Nakungoja mpaka mpunga uvunwe. Baada ya hapo usinilaumu."

Nusu ya bei nilikuwa nayo, jasho la kuweka na wenzangu kikobani miaka mingi. Nusu ya pili nikasema nitaomba benki. Kwani benki ni ya nani? Si ya watu kama sisi?

Na benki nilikuwa na mtu wangu. Huyo ni Maganga, afisa mikopo wa benki moja kule Kilosa mjini, ambaye kila juma alikuja Mikumi kuzungukia wafanyabiashara na mchana akala kwangu. Ni Mnyamwezi. Na Wanyamwezi kwetu ni watani, mnajua wenyewe mtani alivyo. Anakutukana unacheka. Anachukua kitu chako hakurudishii, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Maganga alikuwa hanipi shikamoo mpaka nimwongeze nyama. Akifika tu anapaza sauti madereva wasikie: "Nyie, mnakula kwa huyu bibi mnajua kabila lake? Walimkimbia Mmasai wakajificha milimani, wameteremka juzi."

Na mimi namjibu sijainua hata mwiko: "Mla matobolwa wewe, viazi vikavu vya kwenu. Babu yako alipita hapa na mzigo wa watu kichwani, akaomba maji kwa bibi yangu. Kata ya kunywea aliondoka nayo, hajairudisha."

Basi banda zima linacheka, wali unaisha.

Nilipomweleza habari ya kiwanja, Maganga aliweka kijiko chini. Akasema akaunti yangu anaijua, naweka fedha kila juma, sina mambo mengi. Akanielekeza nimsubiri Bi Zuhura amalize karatasi za mirathi ya mumewe, maana kiwanja kilikuwa bado kwa jina la marehemu, halafu maombi yapelekwe. "Kaa hivyo hivyo ulivyo, Bibi. Usiguse kitu." Kisha akachota mnofu kwenye sahani ya dereva wa watu akakimbia nao.

Mimi nikaelewa anasema nisiguse akiba. Sikuigusa!

Karatasi za mirathi zikachelewa. Hapo ndipo alipoingia Simoni.

Simoni ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kwetu sisi mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna cha mpwa. Mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyemwandalia sherehe alipotoka jandoni. Alikuwa na kibanda cha uwakala wa fedha za simu pale stendi. Shati safi, maneno matamu. Akaja bandani jioni moja, akanipa shikamoo yake akiwa ameinamisha kichwa, akaanza kunisemesha kwa Kikaguru.

Nami nikisemeshwa kwa lugha ya mama yangu nalainika kama uji...

Akaniuliza, benki wakifungua jina langu watakuta nini? Akajijibu mwenyewe kwamba watakuta patupu. Bibi mzima sijawahi kukopa popote, watajuaje kama narudisha? Akasema dawa ni kukopa kidogo kidogo huku na huku, kwenye simu na kwa wakopeshaji wenye vibali, nirudishe haraka, ili benki ione kwamba wengi wameniamini. Kausha damu, wale wa riba za kuua, hatuwagusi, akasema. Tunachukua wale wanaotambulika tu, maana hao ndio taarifa zao zinafika benki.

Ndugu zangu, nilimwelewa haraka mno! Maana kule milimani ndivyo mwanamke alivyopimwa. Mama yangu aliazima mbegu nyumba hii, chungu nyumba ile, jembe kwa wa ng'ambo ya kijito. Anarudisha siku aliyosema, na chungu harudishi kitupu, anaweka ndani unga au maboga. Mwanamke aliyeaminiwa na nyumba nyingi ndiye aliyeitwa mbele kwenye harusi na kwenye msiba. Ambaye haazimi kwa mtu walimwogopa, walisema ana lake jambo.

Nikadhani na benki ni kijiji!

Nikampa Simoni simu. Akabonyeza, akanipiga picha ya uso, akachukua namba ya kitambulisho changu. Mkopo wa kwanza ukaingia. Sikuutumia hata kununua chumvi. Niliuacha ukae siku chache, nikaurudisha na nyongeza yake. Simu ikaniandikia hongera! Ikasema nimeongezewa kiwango. Mimi, mwanamke wa darasa la tatu, napongezwa!

Tukafungua mwingine. Na mwingine. Na kwa mkopeshaji mwenye ofisi pale barabarani, na kwa mwenzake wa jirani. Kabla mpunga haujatoa masuke nilikuwa nimejiandikisha kila mahali Simoni alipopajua. Tabitha aliniuliza mara moja, "Bibi, hii yote ya nini na hela hatuitumii?" Nikamwambia anyamaze, najenga jina.

Nilikuwa natembea kifua mbele. Nilikuwa naona banda letu lina ukuta wa tofali na bati jipya...

Katikati ya hayo kaka yangu mkubwa akafariki, huko milimani juu ya Kilosa. Tukaenda kuzika. Na Maganga akaja. Hakuitwa na mtu, mtani haitwi msibani. Alifika akavaa koti la marehemu, akajilaza katikati ya njia ya makaburini, akasema maiti haipiti mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa mtumwa wake. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kuwafuta watu machozi kwa nguvu.

Tumekaa baada ya mazishi, simu yangu ikalia. Maganga akanipora. Akasimama juu ya kinu, akawasomea waombolezaji wote: mkopo umepokelewa, mkopo umelipwa, karibu ujiunge, ombi lako limekubaliwa... Alikuwa anasoma kwa sauti ya padri. Watu hoi.

Kisha akaacha kusoma. Akazidi kushuka na kidole chake kwenye ile simu. Akateremka kwenye kinu, akaja akanishika kifundo cha mkono.

"Bibi, acha hii mikopo. Acha leo. Ukiendelea, mkopo wa kiwanja mimi mwenyewe nitakunyima."

"Utaninyima wewe mla matobolwa? Lipa kwanza kata ya bibi yangu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, "Bibi, hapa sitanii."

Niulizeni sasa, mtani akisema hatanii, wewe unafanyaje? Si ndiyo kwanza utani umekolea? Maganga huyo huyo alikuwa ameniapia mara ngapi kwamba hatanii, halafu nakuta amefunga mbuzi wangu kwenye nguzo ya barabarani amemwekea bei? Nikamnyang'anya simu, nikampaka majivu usoni, nikaenda zangu kuangalia ugali wa msiba. Nyuma yangu nikasikia wanawake wanamzomea kwamba leo ameshindwa.

Neno la kweli lilikuja limevaa koti la marehemu, nikalifukuza. Na lile la kunipoteza lilikuja na shikamoo, kwa lugha ya mama yangu, nikalikalisha kitini!

Niliporudi Mikumi nikafungua mingine miwili.

Mirathi ikaisha, maombi yakaenda. Nikaitwa Kilosa kupokea jibu. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Nilibeba kuku aliyechomwa kwenye kapu, wa kumzawadia Maganga, na njiani nilikuwa natunga tusi la kumpokelea.

Nikaingia. Maganga aliponiona alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Shikamoo, mama."

Hapo hapo nikajua mambo yameharibika. Miaka yote hajawahi kunipa shikamoo ya bure. Wala hajawahi kuniita mama. Nikasahau hata kuitikia marahaba.

Akanikalisha, akaniambia maombi yamekataliwa na wakubwa wake.

"Nadaiwa?" nikamuuliza.

"Hudaiwi. Umelipa yote, tena kwa wakati."

"Sasa nini?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mwiba. Akasema wakopeshaji wote wanaotambulika hupeleka taarifa mahali pamoja, na benki huangalia hapo kabla ya kutoa hela. Sio deni peke yake linaloandikwa. Hata kuomba kwenyewe kunaandikwa. Kila mlango niliobisha hodi umeacha alama ya mkono wangu, na tarehe.

"Waliokaa juu hawakujui, mama. Hawajala mchuzi wako. Wao wanaona mwanamke ambaye miaka yote hakuomba mtu, halafu ndani ya msimu mmoja ameomba kila mahali. Kwao huyo ni mtu anayezama, anashika kila kinachoelea. Hawampi mkopo mkubwa mtu wa namna hiyo."

"Lakini nilirudisha."

"Kurudisha kunakusaidia. Kufungua mingi kwa haraka ndiko kumekuangusha. Tena yote ni michanga, hakuna hata mmoja uliokaa muda wakaona tabia yako. Ungekuwa na mmoja tu wa miaka miwili ungetosha. Hata bila huo ningekutetea kwa akiba yako, nilikuwa nimeshajipanga."

Nikamwambia basi aifute hiyo taarifa. Akasema haifutiki na mtu, inapoa yenyewe. Nikae mwaka mzima nisiombe popote, ndipo nirudi, atanisimamia.

"Bi Zuhura hawezi kungoja mwaka."

"Najua, mama."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Alitazama meza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuambia. Siku ya kaka yako, mbele ya watu wote. Nilidhani ukifika kwangu ofisini tutaongea, hukuja. Na mimi nikasema labda umesikia. Nisamehe."

Kapu la kuku nililiacha pale. Sijui nani alimla. Safari ya kurudi Mikumi siikumbuki, ila nakumbuka mama mmoja kwenye basi aliniuliza nimefiwa na nani. Ningemjibu nini?

Nilishukia stendi, nikaenda moja kwa moja kwa Simoni. Nilimkuta anahudumia wateja, nikasimama pembeni mpaka wakaondoka. Nikamwambia yote. Akainama. Ndipo yakamtoka... Kwa kila mtu aliyemuunganisha na mkopo mpya, yeye alikuwa analipwa kamisheni. Kodi ya kibanda ilikuwa inamkaba. Mimi nilikuwa mteja mzuri kwa sababu alijua nitalipa tu, sitamletea aibu.

"Nilijua hutadhurika, mama mkubwa."

"Ulijua benki watasema nini?"

"Sikuuliza."

Sikuuliza! Kijana niliyemlisha kwa mkono huu! Nikamwambia neno moja tu, na nililisema kwa Kikaguru ili lizame vizuri: angeniomba kodi ningempa.

Baada ya siku chache alifunga kibanda akahamia Dumila. Nasikia anafanya kazi hiyo hiyo. Simlaani, maana nikimlaani namlaani mdogo wangu kaburini. Lakini mlangoni kwangu hajakanyaga, na akikanyaga sijui.

Mpunga ukavunwa. Bi Zuhura alikuja analia kuliko mimi. Nilimwambia auze, ameningoja vya kutosha. Yule tajiri akaleta vijana na nyundo. Bati waliling'oa asubuhi, nguzo mchana. Tabitha akasema jiko la mama yake halivunjwi na mtu, atalibeba. Akachimba kulizunguka na panga, akapenyeza mikono chini, akalinyanyua zima. Alipiga hatua kidogo tu... likamkatikia mikononi. Udongo umejaa kifuani, amesimama hivyo hivyo.

Sikuwa na sehemu ya kuwaweka. Kodi ya banda jingine barabarani imepanda, na akiba sikutaka kuila, maana ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Tabitha akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya watu, analala huko huko. Eliya nimempeleka Munisagara kwa baba yake mdogo, analima. Naomi nimempeleka Chanzuru kwa wifi yangu, anasoma. Mimi nimepanga chumba, natembeza maandazi kwenye maegesho ya malori na beseni kichwani.

Watoto wa Yunisi nimewatawanya. Nimelisema mwenyewe, hakuna wa kunisemea.

Wenzangu, hasa nyie akina bibi na akina mama mnaojiamini kama nilivyojiamini mimi, sikilizeni. Benki si kijiji. Kijijini ukiaminiwa na wengi jina linakua. Benki ukiomba kwa wengi kwa mpigo, wanaona hatari, hata kama hudaiwi hata shilingi. Ukiwa na jambo kubwa unalotaka kuliombea mkopo, kaa kimya miezi mingi kabla yake. Usifungue mkopo mpya kwa kujaribu. Usimpe mtu simu yako akubonyezee, awe mtoto wako, awe nani. Muulize yule yule atakayekupa mkopo mkubwa, umuulize ofisini kwake, mkiwa mmekaa, kabla hujafanya lolote. Na mtu anayekuhimiza ukope, muulize yeye anapata nini. Muulize hata kama ni damu yako!

Maganga bado anakuja Mikumi. Ananunua maandazi yangu na analipa. Hatutaniani tena. Anasema mwaka ukitimia ataniita, na mimi nangoja. Simu ikiniandikia kwamba nimestahili mkopo naifuta sijamaliza kusoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Chanzuru kumwona Naomi. Alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona aliweka fagio, akanipa shikamoo kwa adabu, akakimbilia ndani. Nikadhani ni furaha, anatafuta viatu aje anikumbatie. Akatoka na kiti. Akakipangusa vumbi kwa gauni lake, akaniwekea kivulini, akasema, "Karibu ukae, bibi, nimwite mama."

Mama huyo ndiye wifi yangu. Na kile kilikuwa kiti cha wageni.

Nilikaa. Nawaombeni sana... msije mkakalishwa na wajukuu zenu kwenye kiti hicho.